Besiboli si krikiti, wala si raunda

Mombasa tumezoea krikiti ya Mombasa Sports Club na raunda ya wasichana shuleni. Besiboli ikitokea kwenye simu pale maskani, kila mtu huihukumu kwa sheria anazozijua.

"Viwanja vyote vinatoshana."

Ndani, kwenye eneo la besi, ndiyo. Kutoka besi hadi besi ni mita 27.43. Mrushaji, aliye juu ya kituta cha sentimita 25 hivi, hukanyaga ubao ulio mita 18.44 kutoka besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji. Mwaka 1969 ligi kuu ya Marekani ilikishusha kituta hicho kwa sababu warushaji walikuwa wamewazidi wapigaji mno.

Nje ya hapo, kila uwanja una umbo lake. Fenway Park ya Boston ina ukuta wa kushoto ulio karibu, mita 94 na nusu tu kwenye mstari wa pembeni, lakini umepanda mita 11. Basi mpigo uleule huruka nje ya uwanja mmoja, na kwingine ukagonga ukuta ukarudi mchezoni. Mimi hili ndilo linalonivutia zaidi.

Wanaosema hatuna pa kuchezea nao wanapiga hesabu ya watu wazima. Watoto wa Little League, ligi ya watoto, hukimbia mita 18.29 baina ya besi, na uzio wao huweza kuwa mita 61. Kwenye uwanja wa kandanda wa mita 105 kwa 68, weka besi ya nyumbani konani: nafasi inatosha na kubaki. Wakubwa ndio watakaobanwa.

"Straiki ni kuukosa mpira."

Hata ukisimama kimya unahesabiwa, mradi mpira upite juu ya besi ya nyumbani, yenye upana wa sentimita 43, kati ya magoti na kifua. Straiki tatu, umetoka. Mrushaji akikosa eneo hilo mara nne nawe hukuupiga, unatembea bure hadi besi ya kwanza.

"Piga popote, kisha ukipenda kimbia."

Hiyo ni krikiti. Hapa mpira sharti uingie kati ya mistari miwili inayotoka besi ya nyumbani kupitia besi ya kwanza na ya tatu, na ukiingia huna hiari, kimbia. Mstari wenyewe ni ndani. Ukienda nje ni straiki, ila ukiwa tayari na mbili hauhesabiwi, isipokuwa uliutegea gongo tu bila kulizungusha, hapo umetoka.

"Mkimbiaji hulengwa kwa mpira."

Waliocheza utotoni mchezo wa kati, ule wa kulengana kwa mpira, hulipenda hili! Klabu ya Knickerbocker ya New York ililipiga marufuku mwaka 1845. Mkimbiaji huguswa kwa mpira ulio mkononi, au besi anayolazimika kuiendea hukanyagwa na aliyeushika kabla hajafika.

"Hakuna sare."

Marekani, zamu 9 (kila zamu timu zote mbili hupiga) zikiisha wakiwa sawa, huendelea hadi mshindi apatikane. Japani, mechi ya kawaida ya ligi ya kulipwa hufika zamu 12, kisha sare.