Kinachofuata Tendo: Mlango wa Kuingilia Saikolojia

Wengi wanaoanza kusoma saikolojia huingilia kwa Freud, mfasiri wa ndoto, wakabaki na ndoto mikononi bila chombo hata kimoja cha kupimia. Mimi humshauri anayeanza aingilie kwenye nadharia za kujifunza, yaani jinsi tabia inavyobadilika kutokana na yanayompata mtu au mnyama. Huko madai ni machache, vipimo viko wazi, na ukikosea unajua umekosea wapi.

Ivan Pavlov alikuwa mtaalamu wa mmeng'enyo wa chakula; Tuzo ya Nobel ya 1904 aliipata kwa kazi hiyo. Mbwa wake walipasuliwa kidogo ili mate yatokee nje ya shavu na kupimwa kwa matone. Mlio wa metronomu, chombo kinachogonga kwa mapigo sawa, ukitangulia chakula mara kadhaa, mate huanza kutoka kwa mlio peke yake. Kinachorukwa mno ni mpangilio: mlio utangulie, tena kwa muda mfupi. Ukija baada ya chakula, mnyama hujifunza kidogo sana. Halafu mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Rescorla akaonyesha kwamba hata kuambatana hakutoshi. Panya waliopigwa shoti ya umeme pamoja na mlio, lakini pia kwa kiwango kilekile pasipo mlio, hawakuuogopa mlio, kwa sababu haukuwaambia lolote jipya.

Mwanasaikolojia Edward Thorndike naye alifungia paka kwenye visanduku vilivyofunguka kwa kuvuta kamba au kukanyaga kibao. Katika kazi yake ya 1898, muda wa kutoka ulipungua polepole, jaribio baada ya jaribio. Mwenzake wa baadaye, B. F. Skinner, akalikuza wazo hilo: tendo hupata nguvu au huipoteza kutokana na kinacholifuata.

Hapa ndipo wengi hupotea. Chanya na hasi si nzuri na mbaya. Ni kujumlisha na kutoa: baada ya tendo kuna kitu kinaongezwa au kinaondolewa. Kuimarisha ni kufanya tendo liongezeke, adhabu ni kulifanya lipungue. Basi uimarishaji hasi si adhabu hata kidogo: kero inaondolewa, tendo linarudiwa. Ukifunga mkanda wa gari na king'ora kikanyamaza, ndio huo.

Tazama mtoto anayelilia simu. Mzazi anakataa, kilio kinapanda, mzazi anatoa simu. Mtoto amepata alichotaka: kulia kumeimarishwa kwa njia chanya. Mzazi amepata utulivu: kukubali kwake kumeimarishwa kwa njia hasi. Kesho wote wawili watarudia, na hakuna mkorofi kati yao.

Mzazi akiamua kutotoa tena, mara nyingi kilio huongezeka kwanza ndipo kififie. Mpango huvunjikia hapo. Akikubali siku ya tatu, kilio kikiwa kileleni, amemfundisha mtoto kwamba kilio kikubwa ndicho kinacholipa, na kwamba hulipa mara mojamoja. Tabia inayolipwa mara mojamoja ni ngumu kufifia kuliko inayolipwa kila mara. Mashine za kamari husimama juu ya kanuni hiyohiyo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, litaje tendo kwa namna inayohesabika. "Ana kiburi" haihesabiki. "Analia zaidi ya dakika mbili akinyimwa simu" inahesabika. Hesabu siku saba. Hakikisha hana njaa, usingizi wala maumivu, maana kilio cha namna hiyo hakipuuzwi. Kisha mfundishe tendo mbadala, kama kuomba kwa maneno na kungoja, nawe ulituze papo hapo: kila mara mwanzoni, baadaye kwa kupunguza. Kupuuza bila kufundisha mbadala humwacha mtoto na haja ileile bila njia. Na kilio kikirudi ghafla baada ya wiki tulivu, usidhani umeshindwa. Pavlov aliliona hilo kwa mbwa wake: baada ya mapumziko, mate yaliyokwisha kukoma kwa mlio usiofuatwa tena na chakula yalirudi kidogo.

Nadharia hii ina mpaka wake. Mwaka 1930 wanasaikolojia Tolman na Honzik waliwaacha panya wazunguke kwenye mzingo wa vichochoro siku kumi bila kuwekewa chakula humo. Siku ya kumi na moja waliweka chakula mwishoni. Kesho yake panya hao walikosea kwa uchache sawa na wale waliotuzwa tangu siku ya kwanza. Walikuwa wameijua njia muda wote. Tuzo iliwapa tu sababu ya kuionyesha.