Doa Linalorudi Palepale

Juzi foleni ya dirisha la dawa kwetu hapa Tanga ilipopungua, mama mmoja wa Makorora alisogea, nikamwamkia, akaitika huku anapandisha mkono wa baibui. Doa jeusi, la mviringo, kama sarafu ya shilingi mia mbili, pembeni limeanza kufura.

"Mwanangu, hili si la leo. Mwaka jana lilitoka, likawasha, likaacha weusi. Sasa limeamka tena palepale."

Jirani alishamwambia ni husuda. Mimi nikamuuliza alimeza nini. Akafungua fundo la kanga: vidonge vya Septrini, dawa ya salfa, ndani ya kikaratasi cha kaki, bila jina wala bechi, yaani namba ya toleo la kiwandani. Alivinunua mtaani baada ya kusikia maumivu akikojoa. Mwaka jana? Vilevile.

Upele wa kawaida una sababu mia. Doa linalorudi mahali palepale kila mtu anapomeza dawa ileile ni habari nyingine. Ni kama mwili wenyewe umerudia kutoa ushahidi. Nikamwambia asiiguse tena, na kokote atakakotibiwa aseme dawa za salfa zinamdhuru. Nikaliandika hilo kwenye daftari lake kwa wino mwekundu, kisha nikachukua fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa.

Fomu ile haihitaji uwe na hakika, kushuku kunatosha. Mgonjwa (herufi za mwanzo za jina tu), kilichompata, dawa aliyotumia, na anayeripoti. Wenzangu wengi hawaijazi wakiogopa kuonekana ndio waliokosea. Penye namba ya bechi nikaacha wazi, na hicho kikaratasi cha kaki kiliniudhi kweli: bila bechi, utajuaje kama tatizo ni dawa yenyewe au ni toleo moja bovu?

Fomu huenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, ile iliyokuwa TFDA hadi 2019. Huko huchambuliwa, na taarifa huunganishwa na za nchi nyingine katika hazina ya Shirika la Afya Duniani inayotunzwa Uppsala, Uswidi. Mpango huo ulianza 1968, baada ya thalidomaidi, dawa waliyopewa wajawazito kutuliza kichefuchefu, kusababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Tanzania ilijiunga 1993. Taarifa zikilingana, mamlaka inaweza kuamuru onyo liongezwe kwenye karatasi ya maelezo, kuzuia dawa kwa kundi fulani, au kuiondoa sokoni.

Watu huniuliza: si ilishapimwa kabla ya kuuzwa? Ilipimwa, mara nyingi kwa watu elfu chache. Dhara linalompata mmoja kati ya 10,000 linahitaji watu wapatao 30,000 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuliona hata mara moja. Na watu hawafanani. Waliokunywa klorokwini, ile dawa ya malaria ya zamani, wanakumbuka kujikuna usiku kucha; mwasho ule ulitusumbua sana Waafrika, Wazungu kwa nadra. Nani angeusema kama si sisi?

Mama alinitazama nikikunja fomu.

"Kwa hiyo doa langu linakwenda Ulaya?"

"Linakwenda, mama."

"Na mkojo wangu je?"

Nilikuwa nimeusahau. Nikamwita muuguzi ampeleke maabara, maana hata mara ya kwanza hakuna aliyeupima.