Je, wajua kwa nini V8 haibebi mzigo mwingi kuliko Prado?

Ukisimamisha Land Cruiser Prado toleo la 150 kando ya Land Cruiser toleo la 200, ile ambayo Tanzania tunaiita V8 au shangingi, macho yatakuambia haya ni magari ya daraja mbili tofauti kabisa. V8 imejaa mabega, boneti yake pana, na kwa miaka mingi tumeizoea kwenye misafara ya viongozi. Ndiyo maana familia ikiongezeka, mtoto wa nne amezaliwa na bibi amehamia mjini, wazo la kwanza huwa ni kuuza Prado na kuagiza V8 iliyotumika Japani. Kabla ya hapo ni vizuri kujiuliza: hivi gari kubwa hubeba zaidi?

Kwa uzito, karibu yako sawa.

Kila gari lina kikomo cha uzito kilichowekwa na kiwanda: gari lenyewe, mafuta, abiria na mizigo, vyote kwa pamoja. Kwa Prado ya dizeli ya lita 2.8, kikomo ni kg 2,990. Kwa V8 ya dizeli ya lita 4.5, ni kg 3,350. Hapo V8 inaonekana imeshinda kwa kg 360. Lakini Prado hiyo ikiwa tupu ina kg 2,300 na zaidi kidogo, na V8 tupu inafika kg 2,700 hivi. Toa hesabu, na kila moja itakuachia takriban kg 600 za watu na vitu. Injini ya silinda 8, turbo mbili, difu kubwa, bodi pana: uzito wote ule ulioongezwa kwenye kikomo umeliwa na gari lenyewe.

Sasa pandisha watu. V8 nyingi za toleo la 200 zina viti 8. Watu wazima 8 wa kg 70 ni kg 560, na begi hata moja halijaingia. Prado ina viti 7, yaani kg 490 kwa watu wa uzito huohuo. Kila Desemba, barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa familia zinazokwenda kula Krismasi nyumbani, na magari mengi yana keria iliyosheheni: magunia ya mchele, masanduku ya nguo, wakati mwingine godoro. Kwenda kuna mchele, kurudi kuna ndizi. Dereva anaamini gari ni kubwa, litahimili. Injini itahimili kweli, itapanda mlima bila kulalamika, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu breki, matairi na springi havina nguvu ya injini ile. Mzigo wa kwenye paa pia hulifanya gari liyumbe zaidi linapokwepa kitu ghafla. Linaniuma jambo hili, maana waliokaa kiti cha nyuma kabisa, chini ya mzigo wote ule, kwa kawaida ni watoto.

Basi fedha zote za ziada zinanunua nini? Kwanza, upana. Prado 150 ina upana wa sm 188.5, V8 ina sm 197. Hizo sm 8.5 ni kidogo ukizitazama kwenye karatasi, lakini kwenye kiti cha katikati ndizo zinazoamua kama watu wazima watatu watakaa mabega yakigusana tu au mmoja atakaa upande upande hadi Arusha. Mwenye viti viwili vya watoto wachanga na mama anayetaka kukaa katikati yao atauona upana huo kila siku. Urefu ni habari nyingine. V8 ni sm 495 na Prado za mwanzo za toleo hili ni sm 476, na kati ya gurudumu la mbele na la nyuma V8 imezidi kwa sm 6 pekee. Hata kugeuza, zinakaribiana mno. Chini, zote mbili zimejengwa juu ya chasisi ya chuma, zote zina ekseli nzima nyuma, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili. Kwenye makorongo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Pili, V8 inanunua utulivu: safari ndefu bila kelele na kuyapita malori kwa raha. Ni starehe ya kweli, na anayesafiri sana ana haki ya kuitaka.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji mara nyingi. Viti vya nyuma kabisa vya V8 ya 200 havilali sakafuni. Hukunjwa na kuning'inizwa ubavuni, karibu na vioo, vikala nafasi ya buti kulia na kushoto. Vya Prado 150 huzama sakafuni, na buti inabaki tambarare. Kwa familia ya watu watano inayotumia safu ya tatu mara chache kwa mwaka, buti ya Prado ina manufaa zaidi kwa kazi za kila wiki. Ila ukivisimamisha viti hivyo, Prado inakubakishia kama lita 100 tu nyuma, mikoba michache ya shule. Hapo V8 ina nafuu, ingawa si nafuu ya kubebea mabegi ya watu wanane.

Kuhusu mafuta, hofu imezidi ukweli, angalau kwa dizeli na barabara kuu. Kwa vipimo rasmi vya Australia, Prado ya 2.8 hutumia lita 8 kwa km 100 na V8 za mwisho za dizeli lita 9.5. Mjini ndipo pengo hupanuka, maana kila ukisimama kwenye foleni na kuondoka tena unasukuma karibu kg 400 za ziada. Gharama inayoumiza hasa ni ya gereji. Prado ya dizeli ina nozeli 4 za kunyunyizia mafuta kwenye injini, V8 ina 8, na nozeli za kisasa hazivumilii dizeli chafu.

Kenya wana hesabu yao ya kodi. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 35 kwa dizeli inayozidi cc 2,500 (lita 2.5) na petroli inayozidi cc 3,000. Chini ya hapo, kwa injini zinazozidi cc 1,500, ni asilimia 25. Kwa hiyo Prado ya dizeli ya 2.8 iko kapu moja na V8, wakati Prado ya petroli ya 2.7 imebaki kwenye asilimia 25. Tanzania, injini zote hizo zimezidi cc 2,000 na ziko kiwango kimoja, hivyo kinachotenganisha malipo ni thamani ya gari na umri wake.

Kwa maoni yangu, ikiwa watu wazima watano au sita hukaa ndani ya gari karibu kila siku, V8 inastahili. Ikiwa ni wazazi na watoto, na wageni mara mojamoja, chukua Prado, na mizigo ya Desemba itangulie kwa basi.

Uchaguzi huu wenyewe unaelekea kwisha. Toleo la 200 lilikoma 2021, na kwa kuwa Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8, muda wa kuliagiza unahesabika. Mrithi wake, toleo la 300, ana injini ya V6. Na mrithi wa Prado, toleo la 250 lililotambulishwa 2023, amepewa chasisi ya jamii moja na 300, umbali uleule wa sm 285 kati ya magurudumu, na upana wa sm 198, yaani mpana kuliko V8 ambayo familia nyingi bado zinaitamani.