Je, wajua? Kwa nini sura haikuambii nani Mgujarati, nani Mpunjabi, nani Mtamili

Mwombe mtu aliyekulia Kisutu au Upanga, Dar es Salaam, akutenganishie Bohora na Ismailia, madhehebu mawili ya Kishia yenye waumini wengi wa asili ya India. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Mama wa Kibohora huvaa rida, vazi la vipande viwili: cha juu kinafunika kichwa na kushuka hadi kiunoni, cha chini ni sketi ndefu. Rangi zake hung'aa, pembeni kuna lesi na nakshi, wala huwezi kulichanganya na buibui. Baba ana ndevu na kofia nyeupe yenye ukanda wa dhahabu. Ismailia huvaa kama karani yeyote wa benki. Kalasinga, yaani Singasinga wa dini ya Sikh, huyo hahitaji maelezo: kilemba na bangili ya chuma mkononi.

Majibu yote ni sahihi, ila hakuna hata moja linalohusu uso. Vua rida, vua kofia, nyoa ndevu, halafu uliza tena. Mabohora, Makhoja wa Kiismailia na Wahindu wa akina Patel na Shah waliohamia pwani yetu, wengi wao asili yao ni Gujarati na Kachi. Mababu zao walikuwa watu wa eneo moja, na wengine wakabadili dini karne nyingi zilizopita. Kusilimu hakubadilishi pua.

Je, ina maana watu wote wa Asia ya Kusini wanafanana? La hasha. Tunazungumzia watu wanaokaribia bilioni 2, kutoka milima ya Himalaya hadi Maldivi, na tofauti za sura zipo waziwazi. Wanaga na Wamizo wa kaskazini-mashariki mwa India wana sura za jirani zao wa Myanmar, na katika miji ya India yenyewe huitwa Wachina. Januari 2014 kijana wa Arunachal Pradesh alifariki Delhi baada ya kupigwa, na ugomvi ulianza kwa kudhihakiwa nywele zake. Wahazara wa Quetta, Pakistan, nao ni rahisi kuwatambua, na urahisi huo umewagharimu maisha mengi, maana ni Mashia na magaidi huwalenga. Kwa hiyo uso unaweza kukudokezea upande wa ramani. Tatizo huanza pale unapotaka ukutajie kabila, dini au lugha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Wasidi. Nenda Jambur, kijiji kilicho karibu na msitu wa Gir wenye simba huko Gujarati, utakutana na watu ambao ungeapa ni wa Lindi au Kilwa. Wasalimie kwa Kiswahili, watakutazama tu. Wanaongea Kigujarati, wanakula chakula cha Kigujarati, na wamekuwa huko kwa vizazi na vizazi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari kama watumwa, askari na mabaharia. Wengi wana asili ya Kibantu. Ngoma yao wanaiita goma, na wanaicheza kwenye ziara ya Bava Gor, walii wao mwenye asili ya Afrika. Wengine wako Karnataka wakiongea Kikannada, na wengine Sindh, Pakistan, wanakoitwa Washidi. Mwaka 2018 Tanzeela Qambrani akawa mwanamke wa kwanza wa Kishidi kuingia bunge la jimbo la Sindh. Sasa ukitumia sura, hao utawaweka wapi?

Upande wa pili kuna Wabrahui wa Balochistan, Pakistan. Lugha yao ni ya ukoo wa Kidravidi, ukoo wa Kitamili kilicho mbali kabisa kusini, lakini kwa sura na kwa jeni hawatofautiki sana na majirani zao Mabulushi.

Sababu za haya yote ni za kale. Uchunguzi wa jeni unaonyesha kwamba wakazi wengi wa Asia ya Kusini ni mchanganyiko wa asili tatu: wawindaji wa kale wa huko huko, watu wa Bonde la Indus wenye undugu na watu wa kale wa Iran, na wafugaji waliotoka nyika za kaskazini. Walichanganyika sana kati ya miaka 4,200 na 1,900 hivi iliyopita. Viwango tu ndivyo hutofautiana: asili ya nyika huzidi kaskazini-magharibi na kupungua kadiri unavyoshuka kusini. Ni mteremko, hauna ukuta mahali popote. Hata rangi ya ngozi ni hivyo hivyo. Aina ya jeni ya SLC24A5 inayofifisha ngozi za Wazungu imesambaa pia India, kaskazini kwa wingi, kusini kwa uchache, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana.

Baada ya hapo jamii zikajifungia, kila moja ikioa ndani kwa ndani. Hapo zikazaliwa tofauti za kweli, lakini za damuni. Wavaisya wa Andhra Pradesh, jamii ya wafanyabiashara, wengi kuliko kawaida wana upungufu wa kimeng'enya kinachovunja dawa moja ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji. Mtaalamu wa usingizi anayejua kazi yake atauliza jamii ya mgonjwa, maana kwa kumtazama tu hatajua.

Waingereza walijaribu kupima. Herbert Risley, aliyesimamia sensa ya India ya 1901, alipima pua za watu na kudai kwamba tabaka hupanda kadiri pua inavyokuwa nyembamba. Fikiria, pua! Mwaka 1948 B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka la walioitwa wasioguswa, alivitumia vipimo vya namna hiyo hiyo kuonyesha kinyume chake: Wabrahmini, tabaka la juu la makuhani, na wasioguswa ni watu wa asili moja.

Na wenyeji wenyewe? Julai 1983, magenge ya Wasinhala, jamii kubwa ya Sri Lanka, yalipowasaka Watamili mjini Colombo, hayakuuamini uso. Yalitembea na orodha za wapiga kura kutafuta nyumba zao, na barabarani yaliwalazimisha watu kutamka neno *baldiya*, yaani ndoo kwa Kisinhala, kwa kuwa Watamili wengi hupata shida kutamka "b" mwanzoni mwa neno. Watu waliozaliwa kisiwa kimoja, wenye chuki ya kutosha kuua, bado walihitaji makaratasi na matamshi ili wajue adui ni yupi.

Kwenye sinema mambo ni mepesi zaidi. M. G. Ramachandran, nyota aliyeabudiwa na Watamili hadi wakamfanya waziri mkuu wa jimbo la Tamil Nadu mwaka 1977, alizaliwa Kandy, Sri Lanka, katika familia ya Wamalayali wa Kerala. Aliyerithi mapenzi yao kwenye skrini ni Rajinikanth. Jina lake la kuzaliwa ni Shivaji Rao Gaekwad, ni Mmarathi aliyezaliwa Bangalore, na kabla ya umaarufu alikuwa kondakta wa basi huko huko.