Kabla ya Kuuliza Dume, Hesabu Mitamba

Nikifika bomani na mtungi wa mbegu za madume ya ng'ombe, iwe Njoro, Bahati au Subukia, swali huwa lile lile: “Daktari, leo umetuletea dume gani?” (Mimi si daktari, ni mpandishaji wa ng'ombe kwa mbegu, lakini jina limeshaniganda.) Nami huuliza langu: mwaka jana ulizaliwa ndama jike wangapi, na wangapi wako hai?

Tuseme una ng'ombe 10 wa kukamwa, na kila mmoja huzaa baada ya miezi 15. Hao ni ndama 8 kwa mwaka. Nusu ni madume, zimebaki jike 4. Mmoja aondoke na ndigana kali (East Coast fever) au kuhara, una 3. Mwaka huo huo lazima utoe ng'ombe wawili hivi, huyu kiwele kimeharibika, yule hashiki mimba. Mitamba (jike ambao hawajazaa) wawili wanaziba mapengo hayo, na wa kuchagua amebaki mmoja. Mwenye mmoja hachagui. Hata nikuletee mbegu ghali kuliko zote, kila jike atakayezaliwa utalazimika kumweka, mzuri na mbaya.

Sasa punguza muda huo hadi miezi 12 na nusu, na ndama wote wapone. Una jike karibu 5, wawili wa kuziba na watatu wa ziada. Hapo ndipo mifugo inaanza kuboreka, maana unaweza kuuza binti wa ng'ombe mvivu na kubaki na binti wa yule mwenye maziwa.

Miezi hiyo hupotelea wapi? Mara nyingi kwenye joto (wakati ng'ombe anataka dume) lisiloonekana. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi, kwa hiyo anayetakiwa kuzaa kila mwaka ana siku 82 tu tangu kuzaa hadi kushika tena. Joto likipita bila kuonekana, umepoteza siku 21, na wengi hupoteza mawili matatu mfululizo kwa sababu kijana wa boma huangalia ng'ombe wakati wa kukama pekee. Aangalie alfajiri na jioni wakiwa wametulia. Dalili ya kuaminika ni ng'ombe kusimama imara akipandwa na wenzake. Kulia na ute hukudokezea tu. Ukimwona asubuhi, nipigie mara moja nimpandishe jioni. Ukimwona jioni, nije kesho asubuhi. Na aliyekonda baada ya kuzaa hatapata joto hata umkodolee macho usiku kucha. Huyo anataka chakula.

Ndama naye apewe dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, saa chache za kwanza, lita 3 au 4, asingojee mama akamwe kwa ajili ya watu kwanza. Kupe wa masikioni ndio huleta ndigana hiyo. Ogesha kwa ratiba, na uulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo yake, ambayo kwa kawaida hutolewa mara moja tu katika maisha ya mnyama.

Dume sasa. Usipandishe ng'ombe wote kwa mbegu moja. Mwenye kiwele kinachoning'inia mtafutie dume ambaye binti zake wana viwele vilivyokaza. Mtamba anayepandishwa mara ya kwanza mtafutie dume anayezaa ndama wadogo. Mbegu iliyochujwa ili kuzaa jike hutoa jike karibu 9 kati ya 10, lakini hushika kidogo kuliko ya kawaida, kwa hiyo mimi huiweka kwa mitamba wenye afya waliosimama joto vizuri. Rongai kunakokauka, singemlazimisha mtu kufuga Friesian mkubwa asiyeweza kumshibisha. Ayrshire au Jersey atamsumbua kidogo.

Andika jina la dume kwenye daftari, hata la dume wa jirani. Huyo wa jirani akimpanda binti yake mwenyewe, ndama anayezaliwa ana kiwango cha ukaribu wa damu cha asilimia 25, na hilo utaliona kwa ndama dhaifu na mimba zisizoshika. Daftari hilo hilo ndilo hukufungulia mlango wa Kenya Stud Book, sajili ya ukoo wa mifugo, hapa Nakuru, ambako hata uzao wa ng'ombe wa kienyeji huingia daraja la msingi, na binti zake wakapanda kizazi kwa kizazi hadi kuitwa wa ukoo kamili.

Kinachoniuma zaidi ni Januari. Karo ikifika, mtamba mwenye mimba ndiye huuzwa, kwa kuwa ndiye ana bei, na mara nyingi ndiye bora kuliko wote. Mama mmoja wa Bahati hufanya kinyume: Novemba hupitia daftari, humtoa ng'ombe mzee angali anakamwa vizuri na mnunuzi hajapata sababu ya kumshusha bei, na madume huyauza mapema. Mitamba wake hawajawahi kulipa karo.