Daraja la Ribblehead halikusimama juu ya sufu

Huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kuna simulizi kwamba nguzo za daraja la reli la Ribblehead zimekaa juu ya marobota ya sufu, yaliyotupwa kwenye kinamasi ili mawe yasididimie. Si ajabu ikaaminika: eneo lile limejaa kondoo, na uso wa ardhi yake kweli ni tope la mimea iliyooza.

Lakini tope hilo ni tabaka la juu tu. Kati ya 1870 na 1874, wajenzi wa kampuni ya Midland Railway walichimba kulipita, wakapita na udongo wa mfinyanzi, hadi kwenye mwamba. Baadhi ya misingi ilishuka kama mita 7 na nusu. Zege ndilo lililomwagwa humo, na juu yake zikapandishwa nguzo za mawe ya chokaa. Sufu ingebonyea tu chini ya mzigo huo.

Ustadi wenyewe hata hauko chini ya ardhi. Daraja lina matao 24, urefu wa mita 400, na linafika mita 32 kwenda juu. Hesabu nguzo ukiwa pembeni: kila ya sita ni nene kuliko wenzake. Tao moja likianguka, msukumo wa matao jirani huangusha nguzo nyembamba moja baada ya nyingine. Ile nene huuzuia. Angalia pia ndani ya matao: pale ni matofali, si mawe.