Je, wajua? Gemu la mapigano la Super Smash Bros. Melee halijabadilika tangu 2001, lakini orodha ya wababe wake bado inabadilika

Enzi za gemu la mapigano la Tekken 3, kibanda chetu cha gemu kilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: Eddy hapana. Ulilipa hela yako, ukashika pedi, aliyefungwa akampisha mwingine, na ukithubutu kumchagua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoera, benchi zima lilikupigia kelele. Mtoto aliyeingia kibandani jana aliweza kubonyeza vitufe vya mateke bila mpango wowote, na Eddy akazunguka, akalala chini, akainuka, akakufagia miguu mpaka ukaisha. Katika orodha tuliyokuwa nayo vichwani, hakuna aliyemfikia.

Baadaye sana ndipo nilipojifunza kumkabili. Kumbe ukishajua teke lipi linakuja chini na lipi linakuja juu, na ukaacha kubonyeza kwa woga, nusu ya uchawi wake inakwisha. Eddy alikuwa yule yule. Mimi ndiye niliyebadilika, na nafasi yake kwenye orodha yangu ikashuka.

Wachezaji wa mashindano wanaifanya kazi hiyo hiyo tuliyoifanya benchini, ila wao wanatumia hesabu. Wanawapanga wahusika wote wa gemu kwa madaraja: S juu kabisa, kisha A, B, C, mpaka kwa wale ambao ukiwachagua watu wanakuonea huruma. S kukaa juu ya A ni desturi ya Japani, ambako herufi hiyo hutumika kwa alama inayoipita hata A. Katika magemu mengi ya leo, orodha hubadilika kwa sababu kampuni hutuma marekebisho kupitia intaneti, huyu akapunguzwa nguvu, yule akaongezwa kasi. Hapo hakuna fumbo. Fumbo liko kwenye Super Smash Bros. Melee.

Melee ilitoka Japani Novemba 2001, kwenye mashine ya Nintendo iliyoitwa GameCube, chini ya uongozi wa Masahiro Sakurai wa HAL Laboratory. Wakati huo gemu lilikuwa diski tu. Likishauzwa, limeuzwa. Toleo la Ulaya lilipunguza makali ya wahusika kadhaa, lakini mashindano makubwa ya Marekani yanatumia toleo la huko, na mhusika aitwaye Fox anayekimbia humo leo ni yule yule wa miaka ya mwanzo. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 orodha ya madaraja ya Melee imepanguliwa na kupangwa upya mara nyingi. Waliokuwa juu wameshuka, na waliodharauliwa wamepanda. Inawezekanaje?

Kwanza tuone orodha inavyotengenezwa. Katika Melee hakuna mstari wa uhai unaopungua kama wa Tekken. Kila pigo linakuongezea asilimia, na kadiri asilimia zinavyopanda ndivyo unavyorushwa mbali zaidi, mpaka unatoka nje ya uwanja na kupoteza roho moja. Mashindanoni kila mtu anaanza na roho nne.

Wahusika ni 26, ukimhesabu Sheik peke yake na Zelda peke yake, ingawa wanageukana katikati ya pambano. Ukimkutanisha kila mmoja na mwenzake, unapata jozi 325. Kwa kila jozi wachezaji wanajiuliza: watu wawili wenye uwezo sawa wakicheza mara kumi, huyu akiwa na mhusika huyu na yule na yule, nani atashinda mangapi? Tano kwa tano ni sare. Sita kwa nne, mmoja ana nafuu kidogo. Saba kwa tatu, mwenzako anapanda mlima. Namba hizi ni makadirio ya watu waliocheza mechi nyingi kupita kiasi, na wanaweza kubishana usiku kucha juu ya jozi moja. Kisha jopo la wachezaji wazoefu linapiga kura, wastani unachukuliwa, orodha inatoka.

Ungedhani basi kwamba anayeshinda jozi nyingi ndiye wa kwanza. Sivyo, na mfano mzuri ni Sheik. Katika orodha za miaka ya mwanzo alikuwa kileleni. Alikuwa anamkamata mtu, anamtupa chini, na kabla hajajiokoa anamkamata tena, na tena. Kwa wahusika wengi wa nusu ya chini ilikuwa adhabu isiyo na mlango wa kutokea. Lakini mashindano yalivyokomaa, wahusika hao wa chini wakapotea kwenye raundi za mwisho. Mle ndani ukawa unakutana na Fox, Falco, Marth, na Sheik mwenzako. Kuwaonea wanyonge kukawa silaha isiyopata wa kupigwa. Sheik akashuka bila kupoteza hata pigo moja, na Fox akakaa juu yake. Pigo lina thamani kulingana na utakayekutana naye, kwa hiyo walio juu wakibadilika, hesabu ya wote inabadilika.

Fox mwenyewe anaeleweka ukijua fremu ni nini. Gemu linachora picha 60 kwa sekunde, na kila picha ni fremu moja. Pigo lina fremu za kujiandaa, fremu za kugusa, na fremu za kurudi katika hali ya kawaida. Binadamu akiona kitu mpaka kidole chake kibonyeze, hupita kama robo ya sekunde, tuseme fremu 12 hadi 15. Pigo linalotoka haraka kuliko hapo huwezi kulizuia kwa kuliona. Ni lazima ulitabiri. Sasa, Fox ana ngao ya buluu inayomulika na kumsukuma aliye karibu naye, na inatoka fremu ya kwanza. Hakuna kinachoweza kuwahi kabla ya moja. Mwongezee mbio zake, na utaelewa kwa nini amekaa kileleni muda mrefu hivyo.

Kilichokuja kuipangua orodha ni maarifa ya wachezaji, na maarifa hayo hayakuja kwa siku moja. Watu waligundua kwamba ukibonyeza kitufe cha ngao muda mfupi kabla ya kutua na pigo la angani, muda wa kujikusanya unapungua kwa nusu. Wakagundua kwamba ukikwepa angani ukiwa umeelekea chini kwa mshazari, unateleza ardhini huku ukiwa huru kupiga. Kuteleza huku hakumfaidishi kila mtu sawasawa: wengine wanateleza mbali kama waliokanyaga sabuni, wengine wanasogea hatua moja tu. Ugunduzi wa kitu kimoja ukasukuma wahusika kadhaa juu na wengine chini, na diski haikuguswa.

Jigglypuff ni kipenzi changu katika habari hii. Ni kitu cha mviringo cha rangi ya waridi, chepesi hivi kwamba anarushwa nje mapema kuliko karibu wote, na ngao yake ikivunjika anapaa mwenyewe juu mpaka anakufa. Orodha za mwanzo hazikumhesabu kuwa tishio. Lakini ana pigo la ajabu: anafumba macho na kulala. Pigo hilo nalo linatoka fremu ya kwanza, na likimgusa adui mahali panapofaa linamtoa nje ya uwanja akiwa bado na asilimia ndogo. Ukikosa, unalala kweli, kwa takribani sekunde nne, na mwenzako anachagua namna ya kukuua. Walioorodhesha mwanzoni waliiona hatari hiyo na kuishia hapo. Kisha akaja Mmarekani anayejiita Mang0, akashinda na Jigglypuff mashindano ya Genesis mwaka 2009, na baada yake Hungrybox, aliyeshinda mashindano ya Evo ya 2016 mjini Las Vegas kwa kumfunga Armada wa Sweden. Hungrybox alionyesha kwamba Jigglypuff anaweza kukaa angani akipepea mbele na nyuma, akimlazimisha mwenzake aje, na kulala pale tu anapokuwa na uhakika. Leo kumweka Jigglypuff nje ya wale wa juu ni kutafuta ugomvi.

Kwa Yoshi safari ilikuwa ndefu zaidi. Katika Melee, Yoshi ndiye mhusika pekee asiyeweza kuruka moja kwa moja kutoka ndani ya ngao yake. Kwa wengine wote kuruka hivyo ni njia ya kwanza ya kujinasua ukibanwa. Basi kwa miaka mingi akakaa nusu ya chini ya orodha, na sababu ilionekana ya haki kabisa. Mjapani anayejiita aMSa aliiangalia ngao hiyo hiyo kwa jicho lingine. Yoshi akiiinua sawasawa na wakati pigo linapofika, kwa kipimo cha fremu chache mno, pigo linayeyuka na anakuwa huru papo hapo kurudisha. Tena, anaporuka mara ya pili akiwa angani, mwili wake unakuwa mgumu: pigo linamgusa, asilimia zinapanda, lakini kama si zito sana hasogei. Mambo haya mawili yalikuwemo kwenye diski tangu siku ya kwanza. Yalihitaji mikono ya kuyatoa. Oktoba 2022, aMSa alishinda mashindano ya The Big House 10 na Yoshi wake mwekundu. Miaka mitatu kabla, Axe wa Marekani alikuwa ameshinda mashindano ya Smash Summit 8 na Pikachu, ambaye naye hakuna aliyemtarajia huko.

Hapa mtu makini atauliza: je, Yoshi ndiye aliyepanda, au aMSa ni hodari tu? Ni swali zito, na nadhani ndilo gumu kuliko yote kwa anayepanga madaraja. Mhusika adimu ana faida ya ugeni. Wewe umefanya mazoezi dhidi ya Fox maelfu ya mara, Yoshi umekutana naye mara tatu, na zote ulikuwa mwanafunzi. Ni Eddy wa kibandani kwetu tena, anayetisha kwa sababu hatumjui. Lakini ugeni huisha. aMSa alicheza mbele ya kamera miaka mingi, mechi zake zikatazamwa taratibu fremu kwa fremu na watu walionuia kumfunga, na bado akafika pale. Kwangu mimi hiyo ni dalili kwamba sehemu kubwa ya nguvu ile ni ya Yoshi mwenyewe. Wengine watakwambia subiri mpaka watu watano wafanye hivyo hivyo, na siwezi kuwalaumu.

Kuna kitu kingine kinachosukuma orodha ambacho watu hukisahau: kanuni za mashindano. Gemu lina viwanja 29, lakini mashindanoni vinatumika 6 tu. Uwanja mkubwa kama Hyrule Temple uliondolewa, maana mwenye mbio angeweza kukupiga mara moja kisha akazunguka jengo mpaka muda uishe. Ice Climbers, wale watoto wawili wa barafuni, walikuwa na mbinu ya kumkamata mtu na kumgongagonga bila kumpa nafasi ya kujinasua, mpaka watakapotaka wenyewe. Mwaka 2019 mashindano makubwa mengi yalipiga marufuku mbinu hiyo, na nafasi yao ikashuka. Orodha ya madaraja, kwa hiyo, ni ya gemu pamoja na kanuni zake. Badilisha viwanja, utapata wababe wengine.

Tangu 2020 mambo yameenda kasi zaidi. Programu inayoitwa Slippi, iliyotengenezwa na wapenzi wa gemu wenyewe, ilianza mwaka huo kuwawezesha watu kupambana kwenye intaneti bila ule ucheleweshaji unaoua mchezo wa kuhesabu fremu. Kijana aliyekuwa na mpinzani mmoja mtaani sasa anakutana na Yoshi, Pikachu na Samus jioni moja. Ugeni uliowalinda wahusika adimu umepungua, na wanaobaki juu wanabaki kwa haki.

Kwa miaka mingi wachezaji walikuwa na hadithi waliyoiita 20XX: kwamba siku moja kila mtu atacheza Fox kikamilifu, na mshindi ataamuliwa na nani amechomeka pedi yake kwenye tundu la kwanza. Miongo miwili imepita na siku hiyo haijafika. Fox ni mwepesi, anaanguka haraka, akishikwa vizuri kombo moja, yaani mfululizo wa mapigo usiompa nafasi ya kujinasua, inaweza kumaliza roho nzima. Isitoshe, kumcheza kikamilifu kunadai vidole vifanye kazi isiyokoma, na vidole vya binadamu huchoka. Daraja lake linahesabiwa kana kwamba mikono haichoki.

Lakini maarifa nayo yana ukomo. Kirby alikuwa miongoni mwa wahusika bora katika gemu la kwanza la mfululizo huu, la 1999. Walipotengeneza Melee walimpunguza makali. Anasogea polepole angani, mikono yake haifiki mbali, na ana mapigo machache ya kuaminika. Amekaa mkiani mwa orodha karibu na Bowser na Pichu, yule anayejiumiza mwenyewe kila anapotumia umeme. Watu wamemchambua Kirby kwa miaka ile ile waliyomchambua Yoshi, wakitafuta ngao ya siri, ugumu wa siri, fremu iliyofichika. Kufikia sasa hawajaiona.